Rufaa ya Mjomba

Watu wa kijiji cha Sikalinda walikuwa na mzaha wao: ukitaka Mzee Habeenzu aende kushoto, mwambie sheria inasema kulia. Mwenyewe aliupenda mzaha huo, akauchekea kilabuni mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na siku ya rufaa ya mpwa wake Cheelo hakuna aliyecheka.

Siku hiyo saa mbili asubuhi haijafika, mzee alikuwa keshafika mahakamani, amevaa koti lake la kahawia la misiba na harusi, na kibuyu cha maziwa mgando kwapani. Maziwa yalikuwa ya Cheelo. Alitaka kijana akitoka tu kizimbani anywe ya nyumbani kabla hajasema neno, kisha wapande basi wawahi kwa mama yake jua likiwa bado liko juu. Mama huyo, Mutinta, ndiye dada pekee aliyembakia mzee. Tangu mavuno alikuwa wa mkekani, miguu imevimba, pumzi inapanda na kukwama. Muuguzi wa zahanati alimwita mzee kando akamwambia asihesabu miezi, ahesabu wiki. Na Cheelo, hata akipunguziwa theluthi ya kifungo kwa tabia njema, alikuwa amebakiza miezi saba jela.

Kutwa kucha Mutinta alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu yuko wapi? Nataka nimwone mwanangu." Kumpakia kwenye basi mpaka jela haikuwezekana, angefia njiani. Basi ilibidi mwana aje kwa mama, na aje upesi.

Sasa, aliyemtia Cheelo jela ni nani? Tusifichane. Ni huyohuyo mjomba.

Mambo yalianza kwa ng'ombe wawili wa kulimia, Rolandi na Witifuti, majina yaliyoachwa na Makaburu wa mashamba ya zamani. Kwa Watonga mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kijana akitaka kuoa, macho yote humgeukia mjomba, kwa kuwa zizi la mjomba ndilo zizi lake. Cheelo alikuwa amewachunga ng'ombe wa mjomba wake tangu hajang'oa jino la utoto. Alipompata Luyando alikwenda, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akaomba ng'ombe wawili wa mahari. Mjomba akasema, "Mwakani." Mwaka ukafika, akasema tena, "Mwakani." Uchoyo haukuwa tatizo. Mzee alipenda tu kuombwa. Mwaka wa tatu Luyando alikuwa na mimba, na baba yake alishaanza kumsikiliza mtu mwingine mwenye ng'ombe.

Basi mchana mmoja, mzee akiwa kilabuni, Cheelo alifungua zizi akawatoa Rolandi na Witifuti. Hakupita vichakani, alishika barabara kuu. Akapita dukani akasalimia, akapita kwenye josho akasalimia, akafika kituo cha polisi penye kizuizi cha mifugo, na Konstebo Nalumino mwenyewe akamwinulia mti apite. Hebu niambieni, mwizi gani huyo anayesalimia kila mtu?

Mzee aliporudi akaona pengo zizini, damu ilimpanda kichwani. "Kanipita kama kisiki! Mimi, kaka wa mama yake!" Akaenda kituoni na vumbi lake, shabaha yake kumtia kijana hofu tu, siku mbili tatu.

Nalumino alikuwa Mlozi, na Walozi na Watonga ni watani. "Mzee," alimwambia, "nyie Watonga mkipotelewa na ng'ombe mnalia kuliko mkifiwa na mke. Nenda nyumbani ukamalizane na mpwa wako."

"Wewe mla vichwa vya samaki utajua nini habari ya ng'ombe? Andika!"

"Mzee, nikiandika nimeandika."

"Nakwambia andika!"

Nalumino akaandika.

Wiki haikupita hasira ikaisha. Ng'ombe walirudishwa kutoka kwa kina Luyando. Cheelo akaleta mbuzi wa kuomba radhi, kama desturi itakavyo, mbuzi akachinjwa, wakala pamoja, na mjomba akamlisha mpwa wake kipande cha kwanza kwa mkono wake. Kwa chifu shauri lingekuwa limekwisha hapo. Mzee akarudi kituoni kusema limekwisha. Nalumino akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, hapa si barazani kwa chifu. Faili limeshakwenda mahakamani."

Na mbele ya hakimu mzee akaharibu zaidi. Mwendesha mashtaka alimuuliza swali dogo tu: "Ng'ombe hawa ni wa nani?" Mtu mwenye akili zake angesema ni wa ukoo, ni wangu na wa huyu mpwa wangu. Lakini watu walikuwa wamejaa, na Mzee Habeenzu hakuwahi kuulizwa hadharani ng'ombe wake ni wa nani. Kifua kikamjaa. "Wangu! Wangu peke yangu!" Ulimpa ruhusa? "Sikumpa!" Basi, kesi ikaishia hapo. Alipogundua alichokisema, alipiga magoti akalia machozi, akasema amesamehe, mbuzi ameliwa, mwachieni kijana. Hakimu alikuwa mtu laini. Naye alikuwa mpwa wa mtu. Akampa Cheelo miaka miwili.

Hapo ndipo mzee alipojifungia kichwani hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Alisema moyoni: nimeomba mara moja, tena kwa magoti, bila kujiandaa, wakapunguza. Nikiomba vizuri, mbele ya mkubwa zaidi, watafuta yote. Hata wiki mbili hazijaisha alikuwa keshamfuata Cheelo jela na fomu ya rufaa. Sababu ya rufaa aliitamka mwenyewe, kijana akaandika: adhabu hii si halali, kwa kuwa mwenye ng'ombe amekwisha samehe, na ng'ombe wamo zizini.

Miezi tisa ikapita bila jibu. Ndipo ikaja barua ya kuitwa.

Asubuhi hiyo, mzee akiwa kwenye benchi na kibuyu chake, mwanamke kijana mwenye joho jeusi mkononi alimjia. Alikuwa Bi Kasonde, mwanasheria wa ofisi ya msaada, wale wanaowasaidia wasio na wakili. Alikuwa amelisoma faili jana yake tu, na uso wake ulionyesha.

"Mzee, twende kwa mpwa wako. Kuna jambo lazima mlisikie pamoja."

Mahabusu ilikuwa nyuma ya mahakama, chumba kimoja chenye nondo. Cheelo alikuja mbele akachuchumaa, akapiga makofi kwa mjomba wake kama vile nondo hazipo. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Akauliza kwanza, "Mama?"

"Anakungoja," mzee alisema.

Bi Kasonde hakuzunguka. "Sikilizeni. Hakimu aliwapa miaka miwili kwa huruma. Lakini sheria ya wizi wa ng'ombe haina huruma. Chini kabisa ni miaka mitano. Haishuki hapo, hata kwa kosa la kwanza. Hakimu alikosea, na kwa bahati yenu hakuna aliyeona. Leo mnamwita jaji aitazame adhabu hiyo kama ni halali. Ataitazama, na ataona."

"Aone nini?" mzee aliuliza.

"Aone kwamba ni ndogo mno, mzee. Anayo nguvu ya kuiongeza." Akatoa karatasi moja na kalamu, akaipitisha kwenye nondo. "Hii ni ya kuondoa rufaa. Cheelo, tia sahihi hapa, sasa hivi, na miezi saba yako inabaki saba. Tafadhali."

Cheelo aliisoma karatasi yote, midomo ikichezacheza. Alikuwa amefika kidato cha pili, si mjinga. Akaweka kalamu juu ya magoti. "Mjomba, naona dada huyu anasema kweli. Naomba ruhusa yako niiondoe."

Mzee Habeenzu aliona jua linazama kabla halijapanda. Miezi saba! Aliisikia pumzi ya Mutinta ikikwama, akamwona anageuza shingo kutazama mlango kila mbwa akibweka.

"Mama yako hana miezi saba," alisema. "Hana hata mmoja."

Cheelo akainamisha kichwa. "Sikujua ni hivyo."

"Sasa umejua. Na wewe binti," alimgeukia Bi Kasonde, "umesoma, sikatai. Lakini hebu nifundishe. Ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Aliyekosewa ni nani?"

"Ni wewe, lakini..."

"Lakini nini? Mwenye ng'ombe nimesamehe. Mwenye kidonda nimepona. Huyo jaji ataadhibu kwa niaba ya nani? Tangu lini mtu akalilia jeraha la mwenziwe kuliko mwenye jeraha?"

"Kwa niaba ya serikali, mzee. Mahakamani kosa si lako tena. Hutapewa hata nafasi ya kusema."

"Nitasema! Mara ya kwanza waliniambia nisiseme, nikasema, wakapunguza. Nani alipunguza kama si ulimi huu?"

Bi Kasonde alifumba macho kidogo. Lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokuwa balaa. "Mzee, nakuomba kama ningekuwa mwanao. Usifukue kisima kilichojifukia chenyewe."

"Binti, hujawahi kufiwa."

Cheelo akaishika tena kalamu. "Mjomba," alisema polepole, "mimi naogopa."

Hapo ndipo pa kusimama, jamani. Mtu mwingine angesimama. Lakini mzee alisikia kwenye neno lile mchana ule wa pengo zizini. "Unakataa tena neno langu?" aliuliza. "Mara hii tena, Cheelo?"

Kijana akarudisha karatasi na kalamu kwenye nondo. "Hapana, Mjomba. Wewe ukisema, umesema."

Bi Kasonde alizichukua, akaondoka huku akivaa joho lake.

Ukumbi ulikuwa na baridi, na jaji alikuwa mama mwenye miwani, sauti yake ndogo. Alisema Kiingereza, na mkalimani akageuza kwa Kitonga. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alilifunua faili, akasoma, akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena. Kisha akavua miwani.

"Mrufani, unapinga uhalali wa adhabu yako. Nataka uelewe kwamba mlango huo ukifunguliwa hufunguka pande zote mbili. Naweza kupunguza, naweza kuongeza. Unataka kuendelea, au unaiondoa rufaa yako?"

Mkalimani aligeuza maneno yote, na kwa hisani yake akatua kidogo ili yaingie. Cheelo hakumtazama jaji. Aligeuza shingo akamtafuta mjomba wake kati ya watu. Bi Kasonde naye aligeuka. Mzee alikuwa na muda wa kutosha, mtu asije akasema alishtukizwa. Aliona macho ya mpwa wake, yale yale ya Mutinta, yakimwuliza. Akaitikia kwa kichwa, kukubali.

"Naendelea," Cheelo alisema.

Mzee akasimama hapo hapo. "Mheshimiwa! Mwenye ng'ombe ni mimi! Nimesamehe, mbuzi ameliwa, ng'ombe wamo zizini, wanalima! Hakuna anayedai kitu!"

Askari akamwendea. Jaji akainua mkono askari asimguse. "Mzee, nakusikia," alisema. "Ng'ombe ni wako. Lakini shtaka si lako. Keti, tafadhali." Mzee akaketi, akaona ameshinda, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha toka na jaji amesema anayasikia.

Wakili wa serikali hakusema mengi. Jaji akaandika kwa muda mrefu, kalamu ikikwaruza. Kisha akasoma.

"Mahakama hii inakubaliana na mrufani kwamba adhabu aliyopewa haikuwa halali. Adhabu hiyo ni batili, na ninaitengua."

Mkalimani alipogeuza hayo, Mzee Habeenzu alishuka kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni, akachuchumaa, akapiga makofi mazito ya kushukuru, yale wanayopigiwa machifu. "Asante, mama! Asante, mama yetu!" Kibuyu kikaanguka pembeni bila kupasuka. Watu wawili watatu nyuma nao wakaanza kupiga makofi. Bi Kasonde peke yake hakugeuka. Alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

Jaji aliwangoja mpaka wakanyamaza.

"Sheria imeweka kima cha chini kwa kosa hili, nami sina uwezo wa kwenda chini ya hapo, kama hakimu naye hakuwa nao. Mahali pa adhabu niliyoitengua, naweka kifungo cha miaka mitano, kuanzia siku aliyokamatwa." Akavaa miwani. "Ningekuwa na uwezo mwingine, ningeutumia. Sina."

Mzee alibaki amechuchumaa, mikono imekutana, akisubiri mkalimani amalize. Mkalimani akamaliza.

Walimruhusu dakika chache kwenye nondo. Mzee alisukuma kibuyu mbele. "Kunywa, mwanangu. Ni ya nyumbani."

Cheelo hakukipokea. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mjomba, nilikosa nilipokukaidi. Leo nimekosa nilipokutii. Hebu niambie, mpwa afanye nini?"

Mtu wa maneno yule, bingwa wa barazani, alizidi tu kusukuma kibuyu kwenye nondo.

"Maziwa mpelekee mama," Cheelo alisema. "Mwambie... Aa. Usimwambie kitu." Kisha akachuchumaa, akapiga makofi ya kuaga, kama kawaida.

Mzee alifika kwa dada yake jioni. Mbwa walibweka, na Mutinta akageuza shingo. Alitazama mlango, akatazama nyuma ya kaka yake, akangoja. Aliona hakuna anayefuata.

"Umeshinda?" aliuliza.

"Nimeshinda. Wamesema adhabu ilikuwa batili." Akakaa chini, akaweka kibuyu. Angeweza kudanganya, mgonjwa hudanganywa, wala si dhambi. Lakini huyu alikuwa dada yake, na uongo angeusikia hata kabla hajautamka. "Wameifuta. Wameweka mitano."

Mutinta aligeuza tena shingo, akautazama mlango.

"Kaka," alisema mwishowe, "wewe ulitaka kushinda. Mimi nilitaka mwanangu."

Mzee Habeenzu alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyechapwa, na dada yake hakumnyamazisha. Alipochoka, Mutinta akasema tena, bila hasira, kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani: "Nina ombi. Ng'ombe wale wa mahari waende kwa kina Luyando, kabla baba yake hajapokea wa mtu mwingine. Kesho, nikiwa bado nasikia. Nataka kusikia kengele zao zikitoka, nijue mjukuu wangu ana kwao."

Kesho yake mchana mzee alifungua zizi mwenyewe. Rolandi alivaa kengele kubwa, Witifuti ndogo. Aliwapitisha taratibu mbele ya dirisha la Mutinta, akasimama hapo kitambo akiwaacha watikise vichwa, kisha akashika barabara kuu. Akapita dukani, akapita kwenye josho. Watu walimsalimia, naye akaitikia kila mmoja.

Kwenye kizuizi Nalumino alitoka akijinyoosha. Habari za mahakamani hakuwa amezipata bado. "Lo! Mtani! Leo unawaswaga mwenyewe? Ng'ombe wa nani hao?"

Mzee alisimama. "Wa Cheelo."

"Wa Cheelo!" Nalumino akacheka. "Na mwenyewe amekupa ruhusa?"

"Hakunipa. Yuko ndani. Amekaa miezi tisa, amebakiwa na miaka." Akasogea karibu na dirisha la kituo, mahali lilipo daftari. "Nimewachukua bila kumwomba. Andika."

Kicheko cha konstebo kikakatika. "Mzee, usinifanyie hivyo."

"Andika!"

"Mzee wangu, ng'ombe hawa ni wako. Kila mtu hapa anajua ni wako."

"Nakwambia andika!"

Nalumino hakuandika. Alivua kofia yake, akaenda kwenye kizuizi, akauinua mti juu kwa mikono miwili, akaushikilia hapo mpaka ng'ombe wote wawili wakapita.